Uhamisho wa Askari na Uhamisho wa Hati: Somo kwa Wanaonunua na Kuuza Nyumba Gede

Chukua mfano huu. Koplo anayefanya kazi katika kambi ya Mariakani alijenga nyumba ya vyumba vitatu Mijomboni, Gede, miaka sita iliyopita. Mkewe anauza nguo sokoni Gede na watoto wao wanasoma hapo hapo. Siku moja inafika barua ya uhamisho: aripoti Nanyuki baada ya wiki tatu. Kabla habari hazijapoa, broka amemletea mnunuzi, mwalimu mwenye pesa taslimu mfukoni. Koplo anataka kuuza haraka asije akaacha nyumba tupu. Mwalimu naye anataka kununua haraka kwa kuwa bei imeshuka. Wanakubaliana walipane siku hiyo hiyo, na karatasi zifuatwe baadaye.

Neno uhamisho hapa lina maana mbili. Upo uhamisho wa askari, ambao una tarehe. Upo pia uhamisho wa hati ya ardhi, ambao una hatua, na kila hatua ina muda wake. Familia nyingi hupoteza pesa au makao pale uhamisho wa kwanza unapoachwa uharakishe wa pili. Somo hili linaeleza hatua hizo, ili muuzaji na mnunuzi wajue lipi linaweza kufanywa ndani ya wiki tatu na lipi haliwezi. Linawafaa pia polisi, walimu, wauguzi na watumishi wengine wanaohamishwa kikazi.

1. Kujua kinachouzwa

Hapa Pwani nyumba na ardhi iliyo chini yake si lazima ziwe za mtu mmoja. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wadai mashamba yao mbele ya serikali ya kikoloni. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali, na wengi walioishi juu yake wakabaki bila hati. Ndiyo sababu moja ya kuwepo maskwota, na ya kuwepo nyumba zinazouzwa bila ardhi hadi leo, ambapo mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba. Anayenunua nyumba ya namna hiyo amenunua kuta na paa tu. Mwenye ardhi akitaka ardhi yake, mnunuzi hana hati ya kuonyesha.

Katika eneo la Gede, viwanja vingi vilivyosajiliwa vina nambari inayoanza na jina la sehemu, kama Gede/Mijomboni au Gede/Dabaso. Kwa nambari hiyo mnunuzi anaweza kuomba sachi, yaani uchunguzi rasmi wa rejista ya ardhi. Matokeo ya sachi yanaonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna rehani ya benki, zuio au amri ya mahakama. Sachi ifanywe na mnunuzi mwenyewe au wakili wake. Karatasi ya sachi iliyoletwa na broka haitoshi, hata ikiwa na muhuri. Ni busara pia kuirudia karibu na siku ya malipo ya mwisho, kwa maana zuio linaweza kuwekwa wakati wowote.

Hata sachi safi haimalizi kazi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, kilichokuwa ardhi ya umma kabla ya kugawiwa mtu binafsi na baadaye kuuzwa. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi, lakini mahakama ilisema kwamba hati haina nguvu ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria hapo mwanzo. Kwa hiyo mnunuzi aulize historia: nani alikuwa mwenye ardhi kabla ya huyu, na aliipataje? Katika skimu ya makazi, aulize pia kama mkopo wa skimu ulikwisha kulipwa.

Baada ya rejista, mnunuzi aende shambani pamoja na soroveya. Bikoni zote zionekane, na vipimo vilingane na ramani. Azungumze na majirani na mzee wa kijiji. Aulize minazi, mikorosho na miembe ni ya nani, kwani Pwani mwenye mti anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Aulize kama kuna makaburi. Ikiwa kiwanja kiko karibu na magofu ya Gede, ambayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2024, aulize ofisi ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kuchimba msingi.

2. Kujua mwenye haki ya kuuza

Jina lililo kwenye hati si jambo pekee la kuangalia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inalinda nyumba ya ndoa. Haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke, na hata kuipangisha au kuiweka rehani kunahitaji ridhaa ya maandishi. Sheria hiyo inawaruhusu Waislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, lakini mnunuzi mwangalifu ataomba ridhaa ya maandishi katika kila ndoa.

Katika mfano wetu, koplo hakumwambia mkewe hadi mwalimu alipokuja kukagua nyumba. Hapo mwalimu alikuwa karibu kulipa pesa zake zote kwa mauzo ambayo mke angeweza kuyapinga mahakamani, naye angekuwa na haki.

Jambo jingine ni ardhi ya urithi. Ikiwa hati bado ina jina la marehemu baba au babu, mtoto hawezi kuiuza, hata kama yeye ndiye anayeishi hapo. Ni lazima kwanza mirathi ifunguliwe mahakamani na hati ya usimamizi ithibitishwe. Hilo halimaliziki ndani ya wiki tatu. Anayeambiwa "tutafuata mirathi baadaye" ashike pesa zake.

3. Hatua za mauzo na muda wake

Mkataba. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe. Maneno ya mdomo mbele ya wazee ni mazuri kwa ujirani, lakini hayatoshi mahakamani. Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 kama malipo ya kwanza, na salio hulipwa muuzaji anapokuwa na hati zote za kukamilisha uhamisho. Ni salama zaidi pesa zipite benki au kwa wakili, ili kila shilingi iache alama.

Kibali cha bodi. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa sahihi. Bila kibali, mkataba ni batili. Mnunuzi anaweza kudai pesa zake zirudi kama deni, lakini si ardhi. Bodi haiketi kila siku, kwa hiyo anayehamishwa aulize mapema tarehe ya kikao kijacho. Raia wa kigeni haruhusiwi kupata kibali cha kununua shamba la kilimo, na Katiba inampa mgeni haki ya kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu.

Cheti cha ada. Muuzaji apate kwa serikali ya kaunti cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi ada za ardhi, ikiwa kiwanja chake kinatozwa ada hizo. Malimbikizo ya zamani ndiyo huchelewesha wengi.

Kodi. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu kwa kufuata thamani ya ardhi: asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Hapa anayehamishwa asikilize vizuri. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka 3 kabla tu ya kuiuza husamehewa kodi hiyo. Aliyeondoka, akapangisha, kisha akauza baadaye, anaweza kupoteza msamaha huo. Pia mtu binafsi anayeuza ardhi kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3 husamehewa. Kabla ya kuamua, mtu aulize ofisi ya Mamlaka ya Ushuru, KRA.

Usajili. Mauzo hukamilika pale jina la mnunuzi linapoandikwa kwenye rejista. Kabla ya hapo, mnunuzi ana mkataba tu, hata kama ameshahamia na kupaka rangi.

4. Askari akiwa ameshaondoka

Kuondoka kwa koplo hakuzuii mauzo kuendelea. Anaweza kumpa mtu anayemwamini hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kisheria inayomruhusu mtu huyo kutia sahihi kwa niaba yake. Hati hiyo iandaliwe na wakili na isajiliwe katika ofisi ya ardhi. Itaje kiwanja kwa nambari, na ieleze mwakilishi anaruhusiwa kufanya nini: kufika mbele ya bodi, kutia sahihi, kupokea pesa. Hati inayosema mwakilishi anaweza "kufanya jambo lolote" ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba zote. Aliyeitoa akifariki, nguvu yake huisha, na mambo hurudi kwa warithi.

Mnunuzi anayeonyeshwa hati ya uwakilishi ahakikishe imesajiliwa na haijafutwa, na azungumze na mwenye ardhi mwenyewe kwa simu, kwa nambari ambayo hakupewa na broka.

5. Si lazima kuuza

Barua ya uhamisho si amri ya kuuza nyumba. Mtu anaweza kuibakiza, kuipangisha au kumwachia ndugu. Katika nchi nyingine sheria imeingia katika jambo hili. Marekani, sheria ya mwaka 2003 inamruhusu mwanajeshi anayehamishwa kuvunja mkataba wa kupanga nyumba, na mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali kwa waliotumikia jeshi ilianza mwaka 1944. Kwa mkazi wa Gede, kinga iliyo karibu ni kile alichokiandika mwenyewe. Askari anayepanga nyumba anaweza kuomba mkataba utaje kwamba akihamishwa atatoa notisi fupi na kurudishiwa amana yake.

Anayeacha nyumba au shamba chini ya mwangalizi asimwache hivi hivi. Sheria ya Kenya inasema kwamba mtu anayekaa kwenye ardhi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa na bila kusumbuliwa kwa miaka 12, anaweza kuomba mahakama impe ardhi hiyo. Miaka 12 ni michache kwa askari aliyezunguka kambi tatu au nne. Dawa yake ni barua. Mwangalizi atie sahihi kwamba anakaa kwa ruhusa ya mwenye ardhi, na barua hiyo ihuishwe kila mwaka. Mwenye shamba naye afike au atume mtu kukagua bikoni.

6. Koplo na mwalimu waliishiaje

Katika mfano huu, wote wawili walikwenda kwa wakili kabla ya pesa kubadilisha mikono. Mke aliposikilizwa alisema watoto wamalize muhula kwanza, na koplo akakubali. Mwalimu alifanya sachi, akaleta soroveya, akagundua bikoni moja imesogezwa, na jirani akakubali irudishwe. Mkataba ukaandikwa, mke akatia sahihi ya ridhaa, na mwalimu akalipa asilimia 10. Koplo akaondoka kwenda Nanyuki kwa tarehe yake, akiwa amemwachia mkewe hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Mke ndiye aliyefika mbele ya bodi, na ndiye aliyetia sahihi fomu za mwisho. Salio lililipwa hati zote zilipokuwa tayari, na ufunguo ukatolewa baada ya hapo.

Katika wiki zile tatu za koplo, mambo manne yaliwezekana: sachi, ukaguzi wa bikoni, mkataba na hati ya uwakilishi. Mengine yalisubiri, na kusubiri kwake hakukumgharimu mtu shamba wala pesa.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Hati ya ardhi ya familia ina jina la nani leo? Ikiwa ni la marehemu, mirathi imefunguliwa?
2. Nani anaishi au analima kwenye ardhi hiyo, na ruhusa yake imeandikwa wapi?
3. Mume au mke akihamishwa kesho, mwenzake anajua hati iko wapi na ada za kaunti zimelipwa hadi mwaka gani?
4. Broka akisema "lipa leo, kesho bei inapanda", ni hatua zipi katika somo hili zitakuwa zimerukwa?