Kusimba na Kusimbua: Somo la Istilahi Kutokana na Programu ya Video

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba somo la kiufundi, yaani uundaji wa programu ya kusimba video, laweza kuelezwa kwa Kiswahili, na kwamba sarufi yetu yenyewe hutupa baadhi ya istilahi tunazodhani hatuna. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetaka kurekodi ngano za wazee katika wadi ya Mautuma, eneo la Lugari, kaunti ya Kakamega. Tuseme ana kamera na tarakilishi ya bodi moja aina ya Raspberry Pi 4, iliyotolewa mwaka wa 2019. Kifaa hiki hutoshea kiganjani, na chaja yake rasmi ni ya wati 15 tu.

2.0 Kwa Nini Video Isimbwe?

Picha yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Iwapo kila nukta huchukua wastani wa baiti 1.5, na picha ni 30 kwa sekunde, basi sekunde moja huhitaji takriban megabaiti 93. Kadi ya gigabaiti 64 ingejaa kabla ya dakika 12, pengine fanani akiwa bado katika fomula ya kuanzia na maelezo ya wahusika.

Kusimba ni kuiandika upya video hiyo kwa muhtasari. Mgomba uliosimama nyuma ya fanani haurudiwi katika kila picha. Huandikwa mara moja, kisha mabadiliko pekee ndiyo hunakiliwa. Kwa kiwango cha H.264, kilichoidhinishwa mwaka wa 2003, na kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, saa nzima ya masimulizi huchukua gigabaiti 1.8 tu.

3.0 Hatua za Uundaji

Programu inayotumika sana ni FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka wa 2000. Kwanza, mwanafunzi hupakua msimbo wake. Pili, hutoa amri ya configure, ambayo hukagua tarakilishi ina nini na haina nini. Tatu, amri ya make hufasiri msimbo kuwa lugha ya mashine. Nne, make install huiweka programu mahali pake.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Njia ya libx264 humtwika kichakataji kikuu kazi yote. Njia ya h264_v4l2m2m huikabidhi kazi hiyo sehemu ya maunzi iliyotengenezwa mahususi kwa kusimba, na kichakataji kikabaki huru kwa shughuli nyingine. Hata hivyo, msomaji asidhani kuwa kifaa kipya hushinda cha zamani kwa kila jambo: Raspberry Pi 5 ya mwaka wa 2023 haina sehemu hiyo ya maunzi, hutegemea nguvu za kichakataji chake.

4.0 Istilahi

Kenya ilipohamia utangazaji wa dijitali mwaka wa 2015, neno kisimbuzi, pamoja na king'amuzi, lilikuwa midomoni mwa watu wengi. Tukilichunguza, kisimbuzi kimetokana na simbua, kama mchambuzi alivyotokana na chambua. Simbua nayo ni kauli ya kutendua ya simba, kama fungua kwa funga, tegua kwa tega na zibua kwa ziba. Hivyo basi, kifaa kinachosimba ni kisimbaji. Neno hili halikuhitaji kukopwa; lilikuwa limejificha ndani ya mwenzake.

Mbona basi tukalizoea la kutendua kabla ya lile la msingi? Jibu si la kisarufi. Anayepokea vipindi vya wengine huhitaji kisimbuzi pekee. Anayejirekodi mwenyewe ndiye huhitaji kisimbaji.

5.0 Hitimisho

Wazee wanaozijua ngano hawatatusubiri. Kifaa kipo, programu haiuzwi, na maneno yamo katika sarufi tunayofundishwa kila muhula. Ni wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwenda nyanjani tukiwa na vyote vitatu, na kumweleza fanani, kwa lugha anayoielewa, jinsi sauti na sura yake vinavyohifadhiwa.