Kabla ya Kumkabidhi Mtoto: Malezi ya Mchana Mjini Doha na Masharti ya Sheria

Mtoto ni amana. Mombasa, Tanga au Kampala, mama anayekwenda kazini humwachia mtoto bibi yake, shangazi au jirani wa ukuta mmoja, na hakuna anayemdai mwenziwe cheti. Mjini Doha bibi yuko mbali, jirani naye ni mgeni, na zamu ya kazi huenda ikaanza alfajiri. Somo hili linaeleza njia za malezi ya mchana zinazotambuliwa na sheria za Qatar, na mambo ambayo mzazi hupaswa kuyakagua kwa macho yake mwenyewe.

1. Leseni inalinda nini?

Tarehe 28 Mei 2012, moto ulizuka katika jengo la maduka la Villaggio mjini Doha. Ndani yake mlikuwa na kituo cha kulelea watoto. Ngazi ya kukifikia iliporomoka, na waokoaji wakalazimika kutoboa paa. Watu 19 walifariki: watoto 13, walimu wanne na wazima moto wawili. Kamati ya uchunguzi ilibaini kasoro katika kufuata masharti ya usanifu, leseni na usalama.

Sheria Na. 1 ya mwaka 2014 inasimamia vituo vya kulelea watoto, vinavyojulikana kwa Kiarabu kama *hadhana*. Hairuhusiwi kufungua kituo bila leseni. Leo usimamizi wa vituo hivyo uko chini ya Wizara ya Elimu na Elimu ya Juu. Kwa hiyo leseni si pambo la ukutani. Ni ushahidi kwamba kuna mamlaka inayokijua kituo hicho na yenye uwezo wa kukikagua na kukiwajibisha.

2. Mambo ya kukagua kituoni

Mzazi ana haki ya kutembelea kituo kabla ya kulipa. Inafaa afike wakati watoto wapo, na aangalie yafuatayo:

- Leseni imebandikwa mahali panapoonekana, haijapitwa na wakati, na jina na anwani iliyomo ni ya kituo hicho hicho.
- Kuna njia zaidi ya moja ya kutokea, na hakuna iliyofungwa kwa kufuli au kuzibwa kwa maboksi. Vizima moto vipo na wahudumu wanajua kuvitumia.
- Idadi ya wahudumu inatosha. Mhudumu mmoja hawezi kubeba vichanga wengi na kukimbia.
- Kituo kinaulizia kadi ya chanjo. Kituo kisichouliza kuhusu mtoto huyu hakikuuliza kuhusu wengine pia, na surua huenea upesi palipo na watoto wengi. Chanjo za utotoni hutolewa bila malipo katika vituo vya afya ya msingi.
- Majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto yameandikwa, na hapewi mtu mwingine.

Usafiri nao ukaguliwe. Mnamo Septemba 2022, mtoto wa miaka minne alifariki Al Wakra baada ya kusahaulika ndani ya basi la shule, na Wizara ikaifunga shule hiyo ya chekechea. Mzazi aulize: nani huhesabu watoto wanapopanda na wanaposhuka? Nani hupita viti vyote kabla ya mlango kufungwa? Je, mtoto asipofika, mzazi hupigiwa simu asubuhi hiyo hiyo?

3. Yaya wa nyumbani

Kaya inayoajiri yaya inabanwa na Sheria Na. 15 ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba uwe wa maandishi na uthibitishwe na idara ya kazi. Kazi isizidi saa 10 kwa siku, na kila wiki awe na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, na huongezwa riyali 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri havitoi. Mwajiri haruhusiwi kuishikilia pasipoti yake.

Haki hizi ni za yaya, lakini faida yake humrudia mtoto. Mlezi aliyekesha usiku hawezi kumtazama mtoto anayetambaa karibu na jiko.

4. Jirani anayelea kwa malipo

Hapa ndipo kaya nyingi hujikwaa. Ada ya kituo ni nzito, na katika jengo hilo hilo yupo mwanamke mpole anayekusanya watoto chumbani kwake kwa bei nafuu. Huenda ana mapenzi ya kweli kwa watoto. Hata hivyo, chumba hicho hakijakaguliwa, na ikiwa kibali chake cha ukaazi kimetolewa kwa udhamini wa mwajiri mwingine, haruhusiwi kumfanyia kazi mtu mwingine bila idhini ya mamlaka. Jirani kumshikia mwenziwe mtoto kwa saa moja kwa hisani ni jambo moja. Kugeuza chumba kuwa kituo cha biashara ni jingine.

Hatari kubwa zaidi ni hofu. Mtoto akianguka au akipaliwa, mlezi anayeogopa kuulizwa vibali huenda akasita kuita msaada, na dakika hizo hazirudi. Kila anayemshika mtoto, awe na karatasi au asiwe nazo, aambiwe mapema: piga 999 kwanza, mengine yatafuata.

5. Haki za mama mwajiriwa

Sheria ya Kazi Na. 14 ya mwaka 2004 inampa mama aliyetimiza mwaka mmoja kwa mwajiri wake likizo ya uzazi ya siku 50 yenye malipo kamili. Baada ya likizo hupewa saa moja kila siku ya kunyonyesha kwa muda wa mwaka mmoja, bila kukatwa mshahara. Sheria hiyo haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani.

6. Namba za kuhifadhi

- 999: dharura, gari la wagonjwa, polisi na zimamoto
- 16000: huduma za afya
- 155: Wizara ya Elimu, kuulizia au kulalamikia kituo
- 919: Kituo cha Aman, kwa mtoto anayeteswa au kutelekezwa

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Moto ukizuka mahali anapolelewa mtoto wetu, atatolewa kwa mlango upi?
2. Anayemlea ana namba zetu zote mbili na ya kazini?
3. Kadi ya chanjo iko wapi, na chanjo ijayo ni lini?

Ikiwa swali moja halina jibu, lipatiwe jibu kabla ya zamu ya kesho. Tahadhari kabla ya athari.