Mifupa Imara, Magoti Mepesi: Vidokezo 7 kwa Wenye Haraka

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na yote inakubeba kutwa nzima bila kudai nauli. Mara nyingi tunaikumbuka siku goti linapogoma kwenye ngazi! Habari njema ni kwamba mfupa ni kitu hai: mwili unaubomoa na kuujenga upya kidogo kidogo maisha yote. Kwa hiyo unachofanya leo kina faida, uwe na miaka 20 au 65. Huna muda? Usijali, haya yanaingia humo humo kwenye shughuli zako.

1. Dagaa: usitupe kitu
Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na glasi ya maziwa inakupa karibu 300. Maziwa hayakupendi? Dagaa wanaliwa na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimojaa. Wakaange kwa nyanya na kitunguu, kamulia ndimu, waweke pembeni ya ugali hata siku ambayo mboga ni nyingine. Asubuhi, uji wa wimbi. Sukuma wiki nayo ni hodari: kalsiamu yake hufyonzwa kirahisi kuliko ya mchicha.

2. Chai ya saa nne, nje!
Bila vitamini D, kalsiamu nyingi inapita tu mwilini, na ngozi huitengeneza vitamini hiyo ikipata jua. Jua la dirishani halisaidii, maana kioo huzuia miale inayohitajika. Basi toka na kikombe chako, kunja mikono ya shati. Wewe unayejistiri mwili mzima, uani kwako panatosha. Na ndugu zetu mlioko Uingereza au Sweden, wakati wa baridi jua huwa dhaifu mno. Muulizeni daktari kuhusu vidonge.

3. Shuka kituo kimoja kabla
Mfupa huimarika unapobeba uzito, hata kama ni uzito wako mwenyewe. Mwambie konda akushushe kituo kimoja kabla ya chako, umalizie kwa miguu. Ngazi za ofisini, rumba jikoni huku wali ukikauka, kuruka kamba na watoto: vyote vinahesabika. Goti likiuma, acha kuruka, wewe tembea.

4. Ndoo ni ya mapaja, si ya mgongo
Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Isogelee, chuchumaa, nyoosha mgongo, kisha inuka kwa nguvu za mapaja. Unataka kugeuka? Geuza miguu, usizungushe kiuno ukiwa umebeba. Ukiweza, gawa maji kwenye ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono.

5. Simu ikiita, simama
Gegedu, ule mto laini kati ya mfupa na mfupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute wa maungio, na ute huo husambaa unapojongea. Basi jiwekee sheria: simu ikiita, unainuka na kuongea ukitembea. Na vidole vikilia ukivivuta bila maumivu, usihofu. Daktari Mmarekani Donald Unger aliliza vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60, na hakupata baridi yabisi katika mkono wowote!

6. Punguza moja, goti litue nne
Watafiti waliopima wazee wenye uzito mkubwa na magoti mabovu walikuta kwamba kila kilo inayopungua hulitua goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Faida iliyoje! Anza kwa kubadilisha soda na maji, na nusu ya sahani iwe mboga. Nyama choma, maini na bia viwe kwa kiasi, hasa kama jongo limeshakupiga hodi kwenye kidole gumba cha mguu. Sigara nayo iage, inadhoofisha mifupa.

7. Mguu mmoja, mswaki mmoja
Unapopiga mswaki, simama kwa mguu mmoja, karibu na sinki ili uwe na pa kushika. Katikati, badilisha. Unajenga mizani ya mwili, na asiyeanguka havunjiki! Kandambili zilizolika soli, tupa. Bafuni weka mkeka wa mpira, na tochi ikae karibu na kitanda cha bibi na babu kwa usiku umeme ukikatika.

Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, au maumivu yakidumu wiki kadhaa, usiendelee kununua vidonge vya maumivu dukani: nenda hospitali upimwe. Kwa yote mengine, chagua kidokezo kimoja leo, wiki ijayo ongeza cha pili. Unaweza kabisa. Haya, inuka hapo ulipokaa, uanze sasa hivi!