Somo: Mfundishe Mbwa Wako Kushuka Kitini



Mbwa aliyezoea kulala kitini au kitandani huweza kupahesabu mahali hapo kuwa pake. Siku mtoto atakapotaka kuketi, mbwa huweza kunguruma, na akipuuzwa, huweza kuuma. Jeraha hilo si jambo dogo, kwa kuwa kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza, karibu daima huua.

Kwanza, mtengeeni mbwa gunia au mkeka wake, karibu na jamaa wanapokaa. Pili, chagueni neno moja la amri. Nyumba nyingi za mpakani zina lugha zaidi ya moja; baba akiamuru kwa Kiswahili na mama kwa Kiganda, mbwa anaweza kuchanganyikiwa. Tatu, akipanda, tamka neno hilo mara moja, mwelekeze kwenye gunia kwa kipande cha chakula, umpe akishalala pale. Nne, asiruhusiwe leo na kukatazwa kesho.

Anaponguruma, msimpige. Ngurumo ni onyo. Mbwa aliyepigwa kwa kuonya huweza kujifunza kuuma kimyakimya.

Mbwa achanjwe kila mwaka na cheti kitunzwe, hasa ikiwa huvushwa mpaka. Akimuuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe ovyo: afungwe, daktari wa mifugo amchunguze kwa siku 10, na polisi wajulishwe.

Usalama wa kijiji huanzia sebuleni.