Baisikeli Katika Nchi ya Vilima

Nkome ni bandari ya wavuvi katika pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, mkoa wa Geita. Alfajiri mitumbwi hurudi na samaki, na ufukoni wachuuzi hungoja na baisikeli zao. Sato hangoji mtu. Samaki aliyetolewa majini alfajiri, asipopata barafu, huanza kuharibika jua likipanda. Basi mchuuzi mwenye tenga la samaki nyuma yake hushindana na jua. Na kati yake na soko la bara kuna vilima.

Vilima hivyo si milima kama Kilimanjaro au Meru. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vya Geita havilizidi ziwa ila kwa mamia machache ya mita. Lakini mwenye baisikeli hapimi mlima kwa macho. Huupima kwa magoti. Miamba ya nchi hii ni ya kale mno, na mahali pengine ni migumu, yenye chuma ndani yake. Mvua za miaka isiyohesabika zimekula miamba laini iliyokuwa kando, na ile migumu imebaki imesimama kama migongo ya ng'ombe waliolala. Katika miamba ya namna hiyo ndimo ilimoonekana dhahabu mwaka 1898, zamani za Wadachi. Dhahabu ilileta machimbo, machimbo yakaleta malori. Na kwa sababu ya malori hayo mwendesha baisikeli mwenye akili hupenda njia za pembeni, zipitazo kati ya mashamba ya mihogo na mahindi, ambako akutana na ng'ombe kuliko magari.

Tena njia hizo hazikupimwa na wahandisi. Zilikanyagwa na miguu ya Wazinza, wenyeji wa kale wa pwani hii, na baadaye na Wasukuma na mifugo yao. Mtu mwepesi hupanda kilima moja kwa moja, kwa hiyo ziko njia za mkato zilizonyoka kama uzi. Lakini ng'ombe waendao malishoni mara nyingi huzunguka ubavuni mwa kilima polepole. Je, mwenye baisikeli afuate njia ya mtu au njia ya ng'ombe?

Na wafikiriwe watu wawili, mjomba na mpwa wake, waliotoka Nkome asubuhi kwenda upande wa Nzera. Kila mmoja alikuwa na kilo 40 za sato katika karia. Samaki hao walikopwa kwa mwenye mtumbwi, na fedha zilitakiwa zirudi kabla ya jua kuchwa. Walipofika chini ya kilima, kijana akasimama.

"Mjomba, tupite njia hii ya mkato. Ile ya malisho yazunguka sana, nasi tumechelewa."

"Tangulia, mpwa wangu," akajibu mjomba. "Tutaonana juu."

Kijana akasimama juu ya kanyagio, akakaza mikono katika usukani, akaenda. Hatua chache za kwanza zilikuwa njema. Kisha gurudumu likapunguza mwendo, likayumba, likasimama. Ikambidi ashuke na kusukuma. Naye aliposukuma, uzito wa tenga ukavuta nyuma, gurudumu la mbele likainuka kama farasi, na baisikeli ikataka kumwangukia. Alifika kileleni akihema, shati limelowa jasho. Mjomba alikuwa amekwisha kufika, ameketi chini ya mti, anakaza kamba za mzigo.

Sababu yaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Chukua kilima chenye kimo cha mita 100. Njia ya mkato ina urefu wa kilomita 1. Basi katika kila mita 10 za mwendo hupanda mita 1. Njia ya malisho ina urefu wa kilomita 4; hiyo hupanda mita 1 katika kila mita 40. Mtu ana kilo 60, baisikeli kilo 20, mzigo kilo 40. Jumla kilo 120. Katika njia ya mkato mvuto wa kurudi nyuma ni sehemu ya kumi ya uzito huo, yaani kama kilo 12. Katika njia ya malisho ni sehemu ya arobaini, kilo 3 tu.

Kilo 12 si nyingi, atasema mtu. Ndiyo, kama angalivuta kwa kamba. Lakini baisikeli ya kawaida isiyo na gia za kubadili imetengenezwa kwa nchi ya tambarare. Kanyagio likizunguka mara moja, mguu husafiri mwendo wa mita 1 na kidogo, na baisikeli husafiri mita 5 na zaidi. Mwendo umezidi mara tano. Basi nguvu nayo hutakiwa mara tano, kwani hakuna mtambo wowote duniani utoao mwendo bila kudai bei yake. Zile kilo 12 za gurudumuni huwa kilo 60 mguuni, na hizo ni sawa na uzito wote wa kijana mwenyewe. Tena hutakiwa katika mzunguko mzima, hata kanyagio linapopita juu kabisa na chini kabisa, mahali ambapo mguu hauna nguvu. Haiwezekani. Kwa mjomba, kilo 3 zilikuwa kilo 15, na kilo 15 mtu aweza kuzikanyaga akizungumza.

Lakini asidhani mwanafunzi kwamba mjomba alifanya kazi ndogo. Kuuinua mzigo ule ule kwa mita 100 ni kazi ile ile, ipandwe njia fupi au ndefu. Tena aliyezunguka huzidishiwa, maana mchanga na changarawe huvuta gurudumu katika kila hatua ya kilomita zile 4. Tofauti ni kwamba kazi yake ilikatwa vipande vidogo. Mtu hawezi kula kilo 4 za ugali kwa mlo mmoja, lakini kwa siku kadhaa azimaliza bila taabu.

Mabingwa nao hushindwa na vilima. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, mji mkuu wa Rwanda, nayo yalikuwa ya kwanza kufanywa katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walipewa mwendo wa kilomita 267.5, na kupanda kwao kote, kukijumlishwa, kulipita mita 5,000, karibu kama kutoka usawa wa bahari hadi karibu na theluji ya Kilimanjaro. Walikuwa na baisikeli nyepesi sana zenye gia nyingi, wala hawakuchukua samaki. Walioanza walipita 150. Waliofika mwisho ni 30 tu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar, mtu wa Slovenia.

Kupanda huchosha, lakini kuteremka ndiko kunakoua. Mzigo uliomvuta kijana nyuma sasa ulimsukuma. Baisikeli isiyozuiwa na breki wala upepo, ikishuka kimo cha mita 10 tu, hufika mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Tena mwendo ukiwa maradufu, nafasi ya kusimama haiwi maradufu. Huwa mara nne. Wachukuzi wa Goma, mashariki ya Kongo, wajua jambo hili. Wana chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kiitwacho chukudu, wala hakina kanyagio. Hushuka nacho kutoka nchi ya juu na magunia ya viazi na makaa, na breki yake ni kipande cha mpira kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mchukuzi hukikanyaga kwa mguu. Hukikanyaga tangu mwanzo wa mteremko, chombo kingali kinatambaa.

Asubuhi ile ilikuwa ya mwezi wa Novemba, na manyunyu yalikuwa yamenyesha. Maji yakiingia kati ya raba ya breki na chuma cha gurudumu, raba huteleza, na breki iliyosimamisha baisikeli jana hukawia leo. Mjomba alianza kushuka akibinya breki kidogo kidogo ili chuma kikauke, akishika ukingo wa kushoto wa njia.

"Mpwa wangu, binya sasa, usingoje kona!" akapaza sauti.

Kijana alitaka kulipa dakika alizozipoteza. Akaacha baisikeli iende. Upepo ulimpiga usoni, na kwa muda alisahau magoti yaliyouma. Kisha chini, mahali njia inapokata kijito, akaona watoto watatu wenye madaftari, na mmoja wao mdogo sana, wanavuka. Akabinya breki zote mbili kwa nguvu zake zote. Hazikushika. Akapiga kengele, watoto wakageuka, wakasimama pale pale katikati, kama wafanyavyo watoto walioshtuka.

Akauelekeza usukani shambani.

Mihogo ilimpokea vibaya, lakini ilimpokea. Alipoinuka, goti lilikuwa linatoka damu, gurudumu la mbele limepinda, na sato wametapakaa katika tope kati ya mashina. Watoto walikuwa wazima. Yule mdogo alikuwa analia, na wenzake wawili walikwisha kuanza kuokota samaki.

Mjomba akafika, akaweka baisikeli yake chini. Hakusema neno. Akalitazama goti, akalifunga kwa kitambaa chake, kisha akakaa juu ya jiwe akanyoosha gurudumu kwa kulikandamiza juu ya goti lake mwenyewe. Samaki wakaoshwa kijitoni mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamechubuka ngozi, nao wanunuzi wa sokoni wana macho. Hao waliuzwa kwa nusu ya bei. Jua lilikuwa limekwisha kuinama walipomaliza.

Waliporudi Nkome walifuata njia ya malisho. Mwenye mtumbwi alihesabu fedha zake mara mbili, zikatimia. Zilizosalia kwa kijana zilitosha kununua kitu kimoja, naye alikwenda moja kwa moja kwa fundi baisikeli akataka raba mpya nne za breki.