Utume Nampula: Piga Hodi Zaidi ya Mlango Mmoja

Tarehe 7 Aprili 2024 mashua ya uvuvi iliyojaza watu zaidi ya mia moja, wakiwamo kina mama na watoto wengi, ilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, mkoani Nampula. Karibu watu mia moja walikufa maji. Abiria walitokea Lunga, bara, na viongozi wa mkoa walieleza kwamba wengi wao walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Mashua yenyewe haikuwa na kibali cha kubeba abiria.

Ukijiandaa kwenda upande ule kuhubiri na kuhudumia familia maskini, anza kwa kuifahamu habari hiyo kabla hujafikiria tiketi. Uvumi wa namna ile haukuzuka siku moja. Kwa miaka mingi katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji watu wameambiana kwamba wanaotia klorini visimani ndio wanaoleta ugonjwa. Wahudumu wa afya na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wameshapigwa, na wengine wameuawa. Carlos Serra, mwanasosholojia wa Maputo aliyeandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 2003, hakuliona kuwa ujinga wa wanavijiji. Aliona watu waliosahauliwa mwaka mzima, ambao ghafla wanajiwa na wageni wenye gari na dawa, na wanajiuliza hawa wametukumbuka kwa lipi.

Sasa fikiri unafika wewe, mgeni kutoka Dodoma au Kisumu, na katoni ya dawa ya maji mkononi. Nia yako ni safi, lakini nia haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni umeingia kupitia kwa nani.

Kwa nani, basi? Katika vijiji vya Wamakua, wenyeji wa mkoa huu, utamkuta régulo, yaani chifu, halafu katibu wa kijiji au wa mtaa, ambaye kwa kawaida yuko karibu na chama tawala. Yupo pia pwiyamwene, mama mwenye heshima ya ukoo, ambaye wageni wengi humpita bila kujua kwamba neno lake linaweza kufungua au kufunga kila kitu. Ipo kamati ya afya, yupo imamu, na yupo katekista au mwinjilisti. Huyu wa mwisho usimchukulie kama msaidizi wako. Serikali ilipotaifisha shule na hospitali za misheni mwezi Julai 1975, na vita vilipowaka kuanzia 1977 hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, mapadri na wachungaji walikuwa haba na barabara hazipitiki. Makanisa mengi ya vijijini yalishikwa na walei: walisali, walizika, walifundisha watoto. Mzee unayemkuta leo akiongoza ibada chini ya mwembe huenda ameifanya kazi hiyo tangu kabla hujazaliwa. Mwulize, usimpangie.

Ila nasisitiza, usiishie kwa mlango mmoja. Baada ya kimbunga Idai kupiga Beira mwezi Machi 2019, Human Rights Watch waliripoti kwamba baadhi ya viongozi wa mitaa waliwataka wanawake kimapenzi ndipo majina yao yaingie kwenye orodha ya chakula. Ndiyo hatari ya mgeni mnyenyekevu kupita kiasi: anamkabidhi mtu mmoja orodha yote, anajisifu kwamba amewaheshimu wenyeji. Orodha ya msaada isomwe hadharani, mbele ya wanawake, na pwiyamwene awepo. Waulize wajane wanaoishi pembezoni kama majina yao yamo. Waulize na wakimbizi wa ndani, kwa maana tangu mapigano yaanze mkoa jirani wa Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017 familia nyingi zimehamia Nampula, na kwa chifu wa pale wao ni wageni kama wewe. Gawa mchana, mahali pa wazi, na wagawaji wasiwe wanaume watupu.

Mezani na shambani

Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu wa Mtwara au Masasi hili halitamshangaza, lakini wengi wanaotoka bara hukosea hapa: wanakaa na baba wa watoto, wanakubaliana naye kuhusu shule ya binti, kisha hakuna kinachotendeka. Mjomba hakuulizwa. Katika jambo lolote zito la mtoto, iwe shule, matibabu ya mbali au ndoa, tafuta ni nani kaka wa mama yake.

Ndiyo maana pia nawashauri wanaotamani kujenga kituo cha yatima wasubiri kwanza. Mtoto aliyefiwa na baba upande huu kwa kawaida ana mama, ana bibi, ana mjomba; alichokosa ni chakula na sare. Gharama ya kumweka bwenini inaweza kuisaidia nyumba nzima ya bibi yake ikasimama, na mtoto akabaki na watu wake.

Chakula kikuu ni muhogo. Jambo hili nitalieleza kwa kirefu kuliko mengine, kwa sababu mmisionari mwenye kulijua anaweza kuokoa miguu ya watoto, na sijaona likitajwa kwenye semina za maandalizi. Mwaka 1981, katika ukame mkubwa, wilaya za kaskazini mwa Nampula zilipata mlipuko wa kupooza miguu. Watu waliolala wazima waliamka miguu imekakamaa. Wagonjwa zaidi ya 1,100 waliandikishwa, wengi wao watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na ulemavu ule hauponi. Wenyeji waliuita mantakassa. Vitabu vya tiba huuita konzo, na Tarime mkoani Mara nako uliwahi kutokea miaka ya 1980. Chanzo ni muhogo mchungu. Una sianidi, ambayo hutoka mizizi ikimenywa na kuanikwa siku nyingi. Njaa ikibana, mama hawezi kungoja siku nyingi: anatwanga mapema, na familia inakula unga wenye sumu siku baada ya siku, bila maharage wala samaki ambao protini yao huusaidia mwili kuiondoa.

Njia ya kupunguza sumu hiyo ni rahisi na haigharimu kitu. Unga wa muhogo huchanganywa na maji hadi ulowe wote, hutandazwa kwenye mkeka au ungo kwa unene usiozidi sentimita moja, huachwa juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha hupikwa ugali siku hiyohiyo. Gesi ya sumu huruka yenyewe. Njia hii imetumika katika vijiji vya Kongo vilivyokuwa na konzo na ikazuia wagonjwa wapya. Usiifundishe kwa kipaza sauti. Mfundishe mama mmoja anayeaminiwa na wenzake, apike, wale, waulize wenyewe. Na kama wilaya ina mtaalamu wa lishe, mhusishe tangu mwanzo, maana kumwambia mtu kuwa chakula chake kina sumu ni maneno mazito pale ambapo dawa ya kisima tu ilishazua vifo.

Kalenda ya njaa uijue pia. Mvua huanza karibu na Novemba, na familia hushinda mashambani. Ukitembelea nyumba saa 4 asubuhi utakuta watoto na kuku. Januari hadi Machi ghala limekwisha na mavuno mapya bado. Fedha kidogo hupatikana wakati wa korosho, kuelekea mwisho wa mwaka, kwa kuwa Nampula ndio mkoa mkuu wa korosho Msumbiji. Michango ya kanisa, ada na harusi hufuata msimu huo. Mradi wa akiba unaoanzishwa Februari umeshakufa kabla ya kuzaliwa.

Katika miezi hiyo ya njaa beba utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono ulio chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali: apelekwe kituo cha afya siku hiyo, na wewe ulipe usafiri bila kuuliza maswali. Kati ya 115 na 125 ana utapiamlo wa kadiri na anahitaji kufuatiliwa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari wakati safari inaandaliwa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Zaidi ya hapo usijifanye daktari.

Wanaogonga mlangoni kwako

Utaamka watu wako barazani. Mmoja anataka nauli ya chapa, yaani basi dogo, mwingine dawa, mwingine anasema mabati yamepeperushwa. Si uongo: msimu wa 2024/2025 pekee, kimbunga Dikeledi kilipiga Nampula Januari na Jude kikafuata Machi, na nyumba za udongo na makuti hazihimili upepo ule. Ukimpa kila mmoja kutoka mfukoni, baada ya mwezi huna kitu na una maadui, kwa kuwa uliyempa kidogo atamwona aliyepewa zaidi. Usipompa yeyote, umekwenda kufanya nini?

Ninalopendekeza ni mfuko wa huruma wa kanisa lenyewe, hata kama fedha nyingi ndani yake zimetoka kwako. Kamati ya watu watano au sita, wanawake wasipungue nusu, ikae kila wiki, iandike daftari, itembelee nyumba. Wanajua nani amefiwa kweli na nani ana shamba la mikorosho. Utawaonea huruma baadhi ya waliokataliwa. Vumilia. Acha pembeni kiasi kidogo cha dharura ya usiku, kama uzazi au nyoka, ambayo haisubiri kikao. Malipo yapite M-Pesa au e-Mola inapowezekana, ibaki kumbukumbu.

Chakula kisifungwe na imani. Pwani ya Nampula, kuanzia Angoche hadi Memba, Waislamu ni wengi na wako pale karne nyingi. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, zilizotolewa mwaka 1994, zinasema wazi kwamba msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Hata kanuni zisingekuwepo, anayebatizwa kwa ajili ya kilo 5 za mchele ataondoka mchele ukiisha, na jirani yake Mwislamu atakuwa na haki ya kukudharau. Hubiri Jumapili, kanisani, kwa sauti. Siku ya mgao nyamaza.

Picha ni hivyohivyo. Wafadhili nyumbani wanataka kuona watoto wenye matumbo makubwa. Usiwapelekee. Omba ruhusa kwa mama, mwonyeshe picha kwenye simu, akikataa ifute mbele yake.

Kuhusu lugha na karatasi

Kireno kwa ofisini, Kimakua kwa nyumbani. Vyote viwili uanze kabla ya kusafiri. Kiswahili kitakusaidia kidogo pwani, lakini kina mitego. Wapiganaji wa Cabo Delgado wamo waliotoka Tanzania, na Kiswahili kimesikika katika video zao. Kijana anayefika kijijini akizungumza Kiswahili, na mkoba mgongoni, bila barua, anaweza kuhojiwa na askari au kushukiwa na wanakijiji, na hapo hana haki ya kuudhika. Beba barua ya dayosisi au ya kanisa linalokupokea, jitambulishe kwa msimamizi wa wilaya, kisha kwa régulo, ndipo upange chumba. Kuingia bila visa si ruhusa ya kufanya kazi: acha kanisa mwenyeji likuombee kibali kwa idara ya uhamiaji, SENAMI, na ukae na kitambulisho cha ukaazi, DIRE. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Lala ndani ya chandarua.

Usalama usiuchukulie kama kipimo cha imani. Tarehe 6 Septemba 2022 misheni ya Chipene, mkoani Nampula, ilishambuliwa, na Sista Maria De Coppi, mtawa wa shirika la Wakomboni aliyekuwa Msumbiji tangu 1963, akauawa. Alikuwa bibi wa miaka zaidi ya 80. Wenyeji wakisema ondoka leo, ondoka leo, na wachukue wasioweza kutembea.

Kuondoka kwa kawaida nako kuna taratibu zake. Taja tarehe miezi kadhaa kabla, kwenye kamati na mbele ya ukoo uliokupokea. Lipa ada za watoto ulioahidi hadi mwisho wa mwaka wa masomo, ambao Msumbiji kwa kawaida huanza mapema mwaka na kumalizika kuelekea mwisho wake. Daftari la mfuko lisomwe kwa sauti, salio lihesabiwe wote wakiona. Funguo za ghala wakabidhi watu wawili wasio wa nyumba moja, na jina la kila mmoja liandikwe kwa katibu wa kijiji.