Ubaguzi Kazini: Nani Anapaswa Kuthibitisha?

Wafanyakazi wengi hunyamazia ubaguzi kwa kuamini kwamba hawawezi kuuthibitisha, kwani dhamira ya mwajiri imo moyoni mwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imelizingatia tatizo hilo.

Sheria inakataza nini?

Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, waziwazi au kwa njia ya kificho, kwa misingi kama vile rangi, kabila, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri au kuishi na VVU. Kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo nako ni ubaguzi. Kinga hii humfikia pia mwombaji wa kazi.

Hata hivyo, si kila tofauti ni ubaguzi. Mwajiri anaweza kudai sifa ambazo kazi haifanyiki bila hizo. Dereva wa lori sharti aone vyema. Lakini ndoa haimzuii karani wa ghala kuhesabu mali.

Mzigo wa kuthibitisha

Tuchukulie karani aliyepewa barua ya pongezi mwezi Machi, akatoa taarifa ya ujauzito Aprili, kisha Mei akaachishwa kazi kwa madai ya utendaji duni. Hahitaji kufichua siri ya moyo wa mwajiri. Akiwasilisha ushahidi wa awali unaoashiria ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea, au kwamba uamuzi wake haukutokana na misingi iliyokatazwa.

Ufanye nini?

1. Hifadhi nakala za mkataba, barua na ujumbe wa simu. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwapo.

2. Lalamika kwa mwajiri kwa maandishi, au kupitia chama cha wafanyakazi.

3. Wasilisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): ndani ya siku 30 ikiwa umeachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Unaweza kujiwakilisha bila wakili.

Tunasisitiza: usiache siku hizo zipite ukingoja jibu la mwajiri. Anayechelewa hulazimika kwanza kuiomba Tume imwongezee muda kwa sababu za msingi, na ombi hilo laweza kukataliwa kabla malalamiko yenyewe hayajasikilizwa.